Sindano ya Siku ya Upasuaji Haichukui Nafasi ya Vidonge

Katika kliniki ya figo hapa Mbeya, ninapomuuliza mgonjwa aliyepandikizwa figo ilikuwaje kreatinini yake, taka ya damuni inayopanda figo inapolegea, ikapanda, jibu ninalolisikia mara nyingi mno ni kwamba alipokuwa India, Muhimbili au Dodoma alichomwa sindano ya bei kubwa ya kuzuia mwili usikatae figo, na kwa hiyo aliona vidonge si lazima tena.

Sindano hiyo kwa kawaida ni basiliksimabu, kingamwili ya monokloni (protini ya kinga iliyotengenezwa maabara kulenga kitu kimoja tu) iliyoanza kutumika mwaka 1998. Mtu mzima hupewa miligramu 20 muda mfupi kabla ya figo kupandikizwa na miligramu 20 nyingine siku ya nne, basi. Dawa hiyo hujishika kwenye seli T, yaani seli za kinga zinazoshambulia figo ngeni, zilizokwisha kuamshwa, mahali zinapopokelea interlukini-2, kemikali inayoziamuru zizaliane, hivyo zikakosa ishara hiyo. Kazi hiyo huisha baada ya takriban wiki nne hadi sita. Imewekwa kuvusha kipindi cha mwanzo, ambacho hatari ya figo kukataliwa ni kubwa zaidi, na hata katika kipindi hicho hutumika pamoja na vidonge. Baada ya hapo figo hulindwa na takrolimasi, mikofenoleti na, kwa wengi, prednisoloni, vinavyomezwa kila siku kwa muda wote figo inapofanya kazi. Anayesubiri maumivu ndipo arudi kliniki hukosea mara ya pili, kwa kuwa figo huweza kushambuliwa bila kuuma hata kidogo, na miguu inapoanza kuvimba huenda sehemu yake imekwisha kuwa kovu lisilotibika. Wala basiliksimabu ikirudiwa wakati huo haitasaidia, kwa sababu ni dawa ya kuzuia, si ya kutibu shambulio lililokwisha kuanza.

Nami sichoki kusema, ingawa wauguzi wangu wamechoka kunisikia: siku ya kupimwa kiwango cha takrolimasi, njoo na dozi ya asubuhi mfukoni, uimeze baada ya kutolewa damu. Anayetoka Tukuyu au Makambako akaimeza garini hutuletea kipimo kisicho na maana, kwa kuwa dozi mpya imekwisha kuingia damuni.

Wapo pia wanaoamini kwamba dawa za zamani, kwa kuwa zilikuwa kali, zilikuwa bora. OKT3, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1986, ilikuwa kingamwili ya kwanza ya monokloni kuruhusiwa kutibu binadamu, na ni kweli ilizima mashambulio yaliyoshindikana kwa steroidi, dawa za kundi la prednisoloni. Lakini protini yake yote ilikuwa ya panya. Dozi za mwanzo zilizichochea seli T kumwaga saitokini, kemikali za kuchochea kinga, mgonjwa akapata homa, mtetemeko, na wakati mwingine maji mapafuni. Kisha mwili wake ukatengeneza kingamwili dhidi ya protini ya panya, na dawa ikapungua nguvu iliporudiwa. Ndiyo maana daklizumabu ya mwaka 1997 na basiliksimabu zilitengenezwa zikiwa na sehemu kubwa ya kibinadamu.

Sindano hizi si antibiotiki. Haziui bakteria, hupunguza kinga, kwa hiyo homa baada ya kupandikizwa ni jambo la kuwahi hospitali.

Na figo ya ndugu wa damu nayo hukataliwa, isipokuwa kwa mapacha wa kufanana, kama wale wa Boston mwaka 1954, ambao mmoja alimpa mwenzake figo. Ulinganifu mzuri wa tishu na kaka au dada hupunguza hatari, lakini vidonge hubaki palepale.