Viza ya Hispania ya wenye kipato siyo ya kwenda kutafuta kazi

Hapa Dodoma mtu akiwa na nyumba za kupangisha mtaa wa Nkuhungu anaambiwa eti aombe ile viza ya Hispania ya kuishi muda mrefu, akifika aanze kibarua. Jamani hapana! Viza ile hairuhusu kazi kabisa, wanataka uonyeshe kodi za wapangaji, pensheni, gawio au akiba, na kiwango ni kama euro 2,400 kwa mwezi kwa mwombaji, kila mtegemezi euro 600 juu yake, bado bima ya afya inayokubalika huko. Sasa kodi unayopokea mkononi bila mkataba wala kupita benki utaithibitishaje? Inaniuma sana mtu kuuza kiwanja kwa hili, kibali cha kwanza chenyewe mwaka mmoja tu.