Mgongo wazi ukutani

Kazi yangu ni kuandaa maonyesho ya sanaa hapa Kisumu, na swali ninaloulizwa kuliko mengine yote ni hili: "Sasa hii nayo ni sanaa?" Huulizwa mbele ya gunia, mbele ya mkebe, mbele ya ndala iliyokatika. Zamani nilikuwa nikitoa hotuba. Siku hizi namrudishia mgeni swali: kitu hicho, kabla hakijafika ukutani, kilikuwa wapi, na kilikuwa kikimfanyia nani kazi?

Chukua magunia ya Ibrahim Mahama wa Ghana. Ni ya juti, yanaagizwa kutoka Asia kubebea kakao. Kakao ikishaondoka, gunia hushuka cheo likaishia kwa wauza makaa. Mahama huwaendea wafanyabiashara na magunia mapya, wakabadilishana. Analolitaka yeye ni lile kuukuu, lenye viraka, masizi na majina ya wenyewe. Akiyashona pamoja hufunika majengo. Mwaka 2015 yalitundikwa kwenye maonyesho makubwa ya sanaa ya Venice, Italia, na 2017 yakafunika jengo mjini Kassel, Ujerumani. Kuli wa soko la Kibuye hapa Kisumu aliyezoea kupakua makaa angelisoma gunia lile haraka kuliko wengi waliosafiri kwa ndege kwenda kulitazama.

Au mitungi ya plastiki ya Romuald Hazoumè wa Benin. Kule petroli ya magendo kutoka Nigeria hubebwa kwa pikipiki, na mtungi hupashwa moto utanuke upokee mafuta mengi zaidi, hata ukonde na kupasuka. Hazoumè aliipanga mitungi 304 kama vinyago, kwa kufuata mchoro wa meli ya watumwa. Hakulazimika kuandika maelezo marefu. Chombo kinachobebeshwa hadi kipasuke kimeshasema. (Sisi tulioupa ulimwengu neno boda boda kutoka mpaka wa Busia hatuhitaji mkalimani hapo.)

Karibu na nyumbani yuko Dickens Otieno, mzaliwa wa Migori, mmoja wa wasanii walioiwakilisha Kenya Venice mwaka 2022. Yeye hukata mikebe ya vinywaji kuwa vipande vyembamba, akavifuma kama nguo. Ukiwa mbali unaona kitambaa. Ukisogea unaona bati.

Lakini kuokota taka peke yake si hoja. Kila mwezi naletewa kazi za magugu maji, zimefumwa vizuri, na msanii ananiambia "nimesafisha ziwa". Vikapu vya magugu navipenda, ninavyo viwili nyumbani. Ila gugu lile halikujileta, na maji machafu linayonawiri kwayo hayakujimwaga. Kazi isiyouliza hayo ni kikapu kizuri, tukiite kikapu.

Kijana mmoja tuliyekuwa tukimlea ndiye aliyenifunza mengi, tena kwa kukosea. Alitundika mgongo wazi. Kwa mgeni wa Kisumu: viwanda hukata minofu ya mbuta, yaani sangara, ikapelekwa ng'ambo, na kinachobaki, yaani kichwa, uti wa mgongo na mkia, huuzwa kwa akina mama, wakakianika, wakakikaanga, nasi tukala. Kijana aliosha mifupa, akaipiga rangi nyeupe, akaipanga mistari kama ya hospitali. Nilimpongeza. Nilidhani imekamilika.

Akaja mama mmoja, muuzaji wa mgongo wazi wa mtaa wa Obunga, niliyemwalika mwenyewe. Alizunguka kimya, halafu akacheka.

"Mwanangu, hii umeiua mara ya pili."

"Kivipi, mama?"

"Mgongo wazi hauna rangi hii. Una jua, una mafuta, una nzi. Na haufiki kwangu kwa kuning'inia. Nilibeba."

Wiki iliyofuata kijana aliishusha kazi yake. Alfajiri akaenda kupanga foleni nje ya kiwanda, akajaza beseni la mama yule, akalibeba kichwani mpaka Obunga, siku nne mfululizo. Hakutangaza kwamba anafanya sanaa. Njiani watu walimwita, wakapunguza bei, wakamtania kwamba mwanamume amekosa kazi. Mmoja alimuuliza mke wake yuko wapi. Huo utani ndio uliokuwa kazi yenyewe: mzigo uleule, njia ileile, ila mbebaji amebadilika, na ghafla kila mtu anauona.

Hapo ndipo utendaji, yaani sanaa inayofanywa kwa mwili wa msanii mwenyewe, unapokutana na vitu. Mwili nao una historia, una jinsia, una bei. Mwaka 1974 mjini Naples, Italia, msanii Marina Abramović alisimama kwa muda wa saa sita mbele ya vitu 72, waridi na bastola vikiwemo, akawaachia watazamaji wamtendee watakavyo. Wakaanza kwa upole, wakaishia kumkata nguo na ngozi. Watu huniambia mambo hayo ni ya Wazungu. Nao haohao wamekimbia kwenye tero buru, desturi ya msiba ya Wajaluo, ng'ombe mbele, matawi mkononi, vumbi juu, wakikifukuza kifo nje ya boma. Simwiti mfiwa msanii, hajaja kutazamwa. Nasema tu kwamba kusoma mwili unaosema pasipo maneno tulijua zamani.

Katika maonyesho tulibakiza beseni tupu sakafuni na sauti za wale watani. Hatukuuza chochote. Siku ya kufunga mama alikuja kuulizia chombo chake, maana alikuwa akiazima cha jirani. Kijana alikuwa ameshamnunulia jipya, la bluu, kubwa zaidi. Aliligonga chini mara mbili kusikia kama lina ufa, akalikubali. Lile kuukuu liko ofisini kwangu, na jua la saa tisa likilipiga, bado linanuka.