Trampolini uani: kwa mtoto wa chini ya miaka sita jibu letu ni hapana

Sa hivi hili swali ni la kila wiki, kliniki, kwenye magrupu ya WhatsApp ya wazazi, hata kanisani mtu anakushika mkono pale nje baada ya ibada: "Daktari, nimepata trampolini ya mtumba bado nzima kabisa, mwanangu ana miaka mitatu, nichukue?" Kwanza mi sio daktari, ni mtaalamu wa fiziotherapia kwenye kitengo cha mifupa hapa Moshi, yaani mi ndo nakutana na mtoto akishatolewa hogo na anaogopa kukanyaga chini. Ila kwa hili swali sina haja ya kumwita daktari aje anisaidie kujibu. Miaka mitatu, hapana. Minne, hapana. Mitano, bado. Kuanzia sita tunaweza kukaa tukaongea, tena kwa masharti.

Na hii sio ya kwangu peke yangu wala sio uoga wa watu wa hospitali. Chama cha madaktari wa watoto Marekani, wengi mnakijua kama AAP, kimekuwa kikipiga kelele kuhusu hizi trampolini tangu 1977, na tamko lake la 2012 linawaambia wazazi wazi kwamba trampolini ya nyumbani haishauriwi kwa kujifurahisha, umri wowote ule. Madaktari wa mifupa wa hukohuko nao wanasema chini ya miaka sita asipande kabisa. Trampolini nyingi kubwa zina hata maandishi ya kiwandani kwamba sio za mtoto wa chini ya miaka sita na kwamba arukie mtu mmoja kwa wakati, tatizo kwetu inafika ikiwa imeshapita mikono miwili mitatu, imetoka kwenye kontena la mtumba au mzungu wa Njiro kule Arusha anahama anauza vitu vyake, kile kibandiko kimeshabanduka na kitabu cha maelekezo hakipo.

Sasa wazazi wengi wakisikia trampolini ni hatari wanawaza mtoto kuruka akapitiliza akaanguka nje. Ndo maana cha kwanza wanachoniuliza ni neti. "Lakini hii ina neti pembeni." Sawa, neti ni nzuri, iwepo, lakini haigusi tatizo kubwa, maana kuanguka nje ni kama theluthi moja tu ya kesi, na huko walikofuatilia hawakuona majeraha yanapungua sana kwa sababu ya neti. Wengi wanaumia wakiwa palepale juu, katikati, kwenye kile kitambaa laini ambacho mzazi anakiona kama godoro.

Wanaumizwa na mwenzao. Hapa naomba usome polepole kidogo maana ndo kiini cha mambo yote.

Karibu robo tatu ya majeraha ya trampolini yanatokea watu wakiwa juu zaidi ya mmoja. Na kati ya hao waliopanda pamoja, yule mdogo kabisa ana uwezekano wa kuumia mpaka mara 14 zaidi ya mwenzake mzito. Sababu yake ni fizikia ya kawaida tu. Kaka mtu wa kilo 45 akitua, kitambaa kinazama na springi zinavutika, zinabeba nguvu yote ya uzito wake. Zikirudi juu zinairudisha ile nguvu. Kama wakati huohuo mdogo wa kilo 14 ndo anashuka, anakutana na kitambaa kinachopanda kwa kasi wakati yeye anakuja chini, kwaiyo mguu wake haupokei uzito wake mwenyewe, unapokea na wa kaka yake. Hapo hajaanguka popote. Ametua kwa miguu miwili, wima, vizuri tu, na mfupa umepasuka.

Mfupa wenyewe mara nyingi ni wa muundi, chini kidogo ya goti, na ni kwa watoto wa miaka miwili mpaka mitano hasa. Umezoeleka kiasi kwamba kwenye vitabu vya mifupa unaitwa kabisa mvunjiko wa trampolini. Mfupa wa mtoto mdogo bado laini, haukatiki kama kijiti kikavu, unajikunja kidogo tu upande mmoja au unapata mstari mwembamba, na kwa sababu hiyo siku ya kwanza eksirei inaweza kuonekana kama safi. Mguu haujapinda, uvimbe ni kidogo au haupo, mtoto akibebwa anatulia na anacheza na simu yako, ila ukimweka chini analia au anataka kutambaa tu. Nyumbani wanasema anadeka. Siku tatu nne zinapita anadeka.

Mtoto aliyekuwa anatembea akakataa kukanyaga mguu hadeki, mleteni.

Sasa njoo kwenye mila zetu. Sisi tumelelewa kwamba mkubwa amwangalie mdogo, na ni jambo zuri, siligusi. Lakini kwenye trampolini ile kauli ya "dada, mshike mdogo wako mkono mruke wote" ndo inayovunja mguu. Mama anadhani amemwekea mtoto ulinzi kumbe amempandishia juu ule uzito wa hatari. Mbaya zaidi ni baba, yeye anapanda mwenyewe na kilo zake 80 anamrukisha mtoto ili acheke, watu wanarekodi video. Nimeshaangalia video za namna hiyo nyingi kuliko ninavyotaka, zinatumwa na wazazi wenyewe wakitaka kunionyesha "hakuanguka, angalia mwenyewe." Kweli hakuanguka.

Alafu kuna Desemba. Mtu wa nje ya Kilimanjaro anaweza asielewe lakini sisi tunajua, ukoo mzima unapanda mlimani, magari ya Dar yamejaa Marangu, Machame, Kibosho, Rombo, kwa bibi kuna wajukuu kumi na kitu wa kila umri. Mjomba mwenye nafasi kaleta trampolini kama zawadi ya watoto. Inafungwa wapi? Kihamba chenyewe ni mteremko, hapa migomba, pale kahawa, kwaiyo inawekwa pale uani kwenye simenti, mguu mmoja umewekewa tofali ili ikae sawa, na ukuta wa jiko uko hatua mbili. Watoto wanane wanapanda kwa pamoja kwa sababu ukiwaambia mmoja mmoja unaonekana mchoyo na siku yenyewe ni Krismasi bana. Watu wazima wapo, tena wengi, wamekaa palepale na mbege wanaangalia. Kuwepo kwao hakusaidii sana: huko Marekani walikohesabu, kati ya theluthi na nusu ya majeraha yalitokea mtu mzima akiwepo anasimamia. Unamwona mtoto anaumia, huwahi kufanya kitu. Usimamizi unaosaidia ni ule wa kusema shuka, wewe subiri, kabla hawajaanza kuruka, na hiyo kazi inachosha na inamfanya mtu achukiwe na watoto, ndo maana hakuna anayejitolea.

Arusha mjini hali ni tofauti kidogo, wengi wanakutana nazo kwenye gadeni za watoto za wikiendi, Njiro, Sakina, kuelekea Usa River, mtoto analipiwa nusu saa na kuna kijana anasimamia. Nisiwaseme vibaya hao vijana, wengine wako makini kuliko sisi wazazi. Ila ukifika angalia kijana anasimamia nini, watoto au hela. Kama wako sita juu ya kitambaa kimoja na mmoja wao ana ndevu zinaanza, chukua mwanao mkanywe juisi. Muulize kama wanaweza kuwapandisha mmoja mmoja, mkakubaliana dakika tano tano, sehemu zisizo na watu wengi wanakubali. Jampingi kaseli sitaiongelea sana leo, ni kitu kingine, haina springi, lakini na pale mdogo na mkubwa wasichanganywe.

Kuna mzazi mmoja alinijibu kwamba mbona kwenye Olimpiki wanaruka. Ni kweli, trampolini ni mchezo wa Olimpiki tangu Sydney 2000, na chombo chenyewe kilitengenezwa na mwanasarakasi wa Iowa, Marekani, George Nissen, miaka ya 1930, kwa ajili ya mazoezi ya wanamichezo. Lakini angalia vizuri jinsi wanavyoruka: anapanda mtu mmoja. Na ule mchezo wao wa wawili kuruka kwa pamoja mfano mmoja, kila mmoja ana trampolini yake, zimewekwa sambamba. Watu waliofundishwa tangu utotoni, pembeni kuna watu wamesimama na magodoro, na bado hawapandi wawili kwenye kitambaa kimoja.

Basi umesikia yote na wa kwako ana miaka minane, trampolini unayo tayari na hutaki kuitupa. Sawa. Mmoja mmoja, hilo halina mjadala, hata wakilia. Hakuna kupiga sarakasi, kichwa chini miguu juu, kwa sababu mguu uliovunjika tutaufunga hogo na mtoto atarudi kucheza mpira, ila shingo ni habari nyingine, na majeraha mabaya kabisa ya trampolini yanatoka kwenye sarakasi. Iwekwe kwenye majani au udongo tambarare, sio simenti, mbali na ukuta, mti, na kamba za kuanikia nguo. Chini yake kusiwe na baiskeli, ndoo, wala mbwa, na watoto wasitambae humo mwenzao akiwa anaruka maana kitambaa kinashuka sana. Springi zifunikwe na ile foronya yake yote, pasiwe na mahali pameachia mguu uingie. Viatu vivuliwe, na anashuka kwa ngazi, haruki kutoka juu kwenda chini.

Ngazi yenyewe mkimaliza itoeni mfungie ndani. Mtoto wa miaka miwili hawezi kupanda bila ngazi, na huyo ndo hasa tunayetaka akae mbali nayo.

Na ile ya mtumba uikague kabla hujatoa hela. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, jua lake linakula plastiki kimyakimya, neti ambayo kwa macho ni nzima ukiivuta kwa mkono inachanika kama karatasi. Ivute. Kitambaa kikague pale kwenye mishono inaposhika springi. Hesabu springi, zikipungua mbili upande mmoja inarusha mtu mshazari. Masika yakipita kagua tena kutu kwenye maungio ya mabomba. Nilishaona neti zimeshonewa na uzi wa gunia, sijui niseme nini.

Sasa ameumia. Kwanza usimchue. Najua kila nyumba ina mtu mwenye mkono mzuri wa kuchua na mafuta yake, na najua kuna wazee wa kuunga mifupa ambao watu wanawaamini, sitaki kugombana na mtu kwa hilo, ninachoomba ni kwamba picha ya eksirei ipigwe kwanza, kabla mtu yeyote hajavuta wala kukanda. Mfupa wa mtoto una sehemu yake ya kukua karibu na kila kiungo, ukiivuruga pale mguu au mkono unaweza kukua umepinda au mfupi, na hiyo utaiona baada ya miaka. Funga mguu au mkono ulivyoukuta, boksi gumu na kanga vinatosha, usiunyooshe. Kama ni mkono umevimba juu ya kiwiko na vidole vimekuwa vya baridi au vimepauka, hiyo ni dharura ya sasa hivi, kuna mshipa wa damu unabanwa pale, usisubiri asubuhi, na usimpe chakula njiani kwa sababu anaweza kuhitaji kuingia tiyeta, yaani chumba cha upasuaji. Akianguka na kichwa au shingo, akasema shingo inauma, au mikono na miguu ina ganzi, asinyanyuliwe kukalishwa, abaki amelala alivyo, mtu mmoja amshikie kichwa kisicheze mpaka upatikane usafiri wa kumlaza. Sio bodaboda.

Na mkifika mapokezi, iwe zahanati ya karibu, hospitali ya Mount Meru au KCMC, msiseme tu "alikuwa anacheza." Hilo halitusaidii, watoto wote walikuwa wanacheza. Semeni alikuwa kwenye trampolini, walikuwa wangapi juu, na huyo mwingine ni mkubwa kiasi gani. Wazazi wengine wanaficha kwa sababu baba ndo alikuwa juu, au hawataki mtoto wa shemeji asemwe. Hakuna atakayesemwa. Lakini daktari akiona picha safi na hajui kulikuwa na mtu mzito pembeni anaweza kuwarudisha nyumbani na dawa ya maumivu, ila akijua, atauangalia upya ule muundi, ataufunga mguu kwa tahadhari na kuwapangia siku ya kurudia picha, maana baada ya siku kumi hivi mfupa ukianza kujiunga ule mstari ambao haukuonekana unaonekana.