Kanisa la Kilutheri Marekani na bunge la jimbo: je, ni kosa kisheria?

Wengi tumekua tukisikia kwamba Marekani dini na serikali vimetenganishwa, kwa hiyo kanisa likitia mguu kwenye bunge la jimbo limevunja katiba. Si ajabu watu kuamini hivyo. Maneno "kutenganisha dini na serikali" yanarudiwa kila mahali.

Ila hayamo kwenye katiba yenyewe. Marekebisho ya Kwanza, ya mwaka 1791, yanaibana serikali: isianzishe dini, isizuie ibada, isiwanyime watu haki ya kuipelekea madai yao. Na Mlutheri ni raia kama mwingine.

Kinachoyabana makanisa hasa ni sheria ya kodi. Tangu 1954 inakataza mashirika ya hisani yaliyosamehewa kodi kumpigia debe mgombea au kumpinga. Muswada ni jambo jingine: kanisa laweza kuuunga mkono au kuupinga, mradi kazi hiyo isiwe sehemu kubwa ya shughuli zake. Ndiyo maana Walutheri wa majimbo kadhaa wana ofisi za utetezi, na utamkuta mchungaji na kola yake nyeupe kwenye kamati, akisubiri zamu azungumzie njaa au makazi. (Mara nyingi hupewa dakika chache tu.)

Ukitaka kuhakikisha, fungua tovuti ya bunge la jimbo, tafuta namba ya muswada, kisha tazama kumbukumbu za kamati. Nyingi huonyesha nani alitoa maoni. Majimbo pia huweka daftari la washawishi waliosajiliwa, yaani watu wanaojaribu kuwavuta wabunge upande wao, na mwananchi yeyote anaweza kulipekua.