Postikadi za Dar ya zamani: tunayodanganyana na ukweli wenyewe

Picha ya Dar ya zamani ikirushwa tu kwenye grupu la WhatsApp maneno ni yaleyale, dah mji ulikuwa msafi, enzi hizo kulikuwa na utaratibu bana, halafu anaibuka mmoja anasema hizo kadi orijino huko Ulaya ni mamilioni, na mwingine anakwambia hiyo ni ya 1890 wakati gari linaonekana kabisa limepaki pale mbele. Mi nazikusanya hizi postikadi na nimechoka kujibu kipande kipande, kwa hiyo leo naweka yote hapa.

Tuanze na hela maana ndo wengi wanakoanzia. Eti kadi ikiwa kongwe basi ni mali. Hapana. Wajerumani waliokaa hapa, maofisa, wamisionari, mabaharia wa meli, walituma makadi kwao kwa fujo, na wapiga picha walirudia sehemu zilezile: bandari, kanisa la Kilutheri pale Azania Front, St. Joseph, jumba la gavana, barabara yenye miti. Za hivyo bado zimejaa minadani na nyingi hazina bei ya kutisha hata kama zina miaka mia na ushee. Kinachopandisha bei ni uadimu wa kilichopigwa, yaani mtaa wa kawaida, duka lenye kibao kinachosomeka, muhuri wa ofisi ndogo ya posta. Mimi binafsi ningetoa hela zaidi kwa kadi ya watu wamepanga foleni nje ya sinema ya Avalon au Empire kuliko kadi ya kumi ya bandari ya Mjerumani, ila hiyo ni mimi.

La pili ni mwaka. Watu wanaangalia muhuri wa posta, wanasoma 1912, basi wanatangaza "Dar mwaka 1912". Muhuri unakwambia kadi ilitumwa lini, picha yenyewe inaweza kuwa ya miaka mingi nyuma, maana mwenye negativu alikuwa anachapa na kuchapa tena mpaka wateja waishe, na dukani kadi inakaa mpaka inunuliwe. Kwa hiyo unasoma vitu vingi kwa pamoja. Stempu kwanza. Za Mjerumani zina ile meli ya Kaisari, yaani mfalme wao, mwanzoni bei ikiwa kwa "pesa" (hapa ni jina la sarafu ndogo ya rupia), na kuanzia 1905 kwa heller, nayo sarafu ndogo ya rupia. Mwingereza alivyoingia Dar mwaka 1916 zikaja stempu zilizogongwa herufi G.E.A. (German East Africa), 1922 ikaja twiga wa Tanganyika ambaye kusema ukweli ni stempu kali sana, halafu kuanzia 1935 unakuta Kenya, Uganda na Tanganyika kwenye stempu moja. Geuza pia upande wa nyuma: kadi za Kijerumani kabla ya 1905 upande ule ulikuwa wa anwani tu, ujumbe ulibidi uandikwe huku mbele kwenye picha. Ndo maana unakuta mtu kaandika mpaka juu ya mawingu, na wapo wauzaji wanaandika "imechafuliwa" wakati ilikuwa sheria ya posta.

Halafu picha yenyewe inaongea. Sanamu la Askari limesimama pale katikati ya mji tangu 1927, kwa hiyo ukiliona basi kadi sio ya Mjerumani hata muuzaji akiapa. Ukiona sanamu la Wissmann, yule gavana wa Kijerumani, hiyo ni ya kabla ya hapo, maana Waingereza waliling'oa na baadaye likaishia Hamburg ambako wanafunzi walikuja kuliangusha miaka ya 60. Ikulu nayo ni saa nzuri sana: jumba la gavana lilipigwa mizinga na meli za Kiingereza mwishoni mwa 1914, na lililojengwa upya miaka ya 20 lina sura tofauti kabisa, wala huhitaji utaalamu kuona. Mnara wa Saa ni 1961. Hoteli ya Kilimanjaro ni 1965. Na majina ya barabara: kadi ikisema Acacia Avenue ni ya Mwingereza, ikisema Independence Avenue ni baada ya uhuru, na hiyohiyo ndo Samora ya leo.

Rangi sasa. Mtu anaona kadi ya 1908 hivi, bahari kijani, mapaa mekundu kama nyanya, anasema angalia mji ulivyokuwa unapendeza. Ndugu yangu, ile picha ilipigwa nyeusi na nyeupe. Kadi nyingi zilichapwa Ujerumani na rangi zikawekwa hukohuko kiwandani na mtu ambaye Dar hajawahi kuiona hata ndotoni, anakisia tu, nguo akaipa bluu, ukuta akaupa pinki. Ukitaka kujua kama ni chapa ya mashine au ni picha halisi iliyosafishwa kwenye karatasi ya postikadi chukua lenzi ya kukuzia, chapa nyingi utaona vinukta au chembechembe za wino, picha halisi haina.

Nije kwenye lile linaloniudhi zaidi, hili la "Dar ilikuwa safi na tulivu". Ilikuwa safi wapi? Mpiga picha wa Kijerumani, tuseme Walther Dobbertin ambaye alikuwa na studio yake hapahapa mjini na picha zake nyingi ziko kwenye nyaraka za taifa za Ujerumani na zinaonekana bure mtandaoni, alikuwa anauza kadi kwa wazungu wenzake, na mzungu anataka kumtumia mama yake picha ya Uzunguni yenye bustani, hataki mfereji. Uhindini inapigwa kidogo, Uswahilini inapigwa kama maonyesho, mwanamke kasimamishwa mbele ya nyumba ya makuti na chini wanaandika kabila au "mwanamke wa Kiswahili", jina hana, mtaa hauna. Gavana jina analo, mpaka meli ina jina. Hizo kadi sizitupi, nazinunua kabisa, ila nazisoma nikijua nani aliyekuwa anachagua nini kionekane. Na huo utulivu nao una hesabu yake: sensa ya 1967 Dar ilikuwa na watu kama laki mbili na elfu sabini hivi, ya 2022 ni zaidi ya milioni tano na laki tatu. Foleni ingetoka wapi?

Kuna wanaosema hizi ni starehe za wazungu, sisi hatuna postikadi nyumbani. Nenda kafungue lile sanduku la bati la bibi. Ile picha ya babu kavaa kanzu na koti, kasimama studio pembeni ya meza yenye maua, igeuze nyuma. Mara nyingi utakuta mstari katikati, sehemu ya stempu, na maneno ya kadi ya posta, kwa sababu studio zilikuwa zinasafisha picha za wateja kwenye karatasi hizohizo za postikadi ili mtu akitaka amtumie ndugu yake Tanga au Tabora. Haikutumwa, ikakaa sandukuni, lakini ni postikadi kamili, na kwangu mimi ina thamani kuliko ya jumba la gavana maana mtu wa kwenye picha anajulikana jina, na bado kuna mtu hai wa kukuhadithia.

Hapo kwenye kuhadithiwa napo kuna imani mbili zinagongana. Wengine wanasema mzee akishaongea basi huo ndo ushahidi, wengine wanasema wazee wanatunga. Mzee mmoja wa Ilala nilimwonyesha kadi ya enzi za Mjerumani, nikamwamkia, nikampa miwani yake, akaiangalia we, akasema "hapa mwanangu tulikuwa tunakaa jioni kusubiri pantoni". Kazaliwa miaka ya 40 huyo! Ila hajadanganya, majengo ya kule Kivukoni yalibaki vilevile miaka mingi, alichokiona yeye ni Dar yake ndani ya picha ya zamani zaidi. Nilichofanya ni kuandika maneno yake pembeni kama kumbukumbu ya miaka ya 50, sio maelezo ya picha. Na usiwaulize "hapa ni wapi" tu, hilo swali linaisha haraka, uliza nani alikuwa anauza nini pale kona, sinema ilikuwa inatoka saa ngapi, mlikuwa mnarudi na nini. Walikuwepo wengine wawili siku hiyo na walibishana kuhusu barabara ya Kichwele, hii Uhuru ya sasa, mpaka chai ikapoa, na mi nimepata mambo mengi kwenye ule ubishi kuliko kwenye maandishi yoyote ya nyuma ya kadi.

Mwisho ni hili la kutunza. Kuna watu wanapeleka kadi steshenari zikafanyiwe laminesheni "zisiharibike". Tafadhali msifanye hivyo, joto na ile gundi vinaingia kwenye karatasi na haitoki tena milele. Selotepu pia hapana, inaacha doa la njano. Zile albamu za kurasa zenye gundi ndo kabisa. Adui wa kadi hapa Dar ni unyevu, ukungu na mende, kwa hiyo weka kila kadi kwenye mfuko wake wa plastiki ngumu usionuka (ile laini inayonuka kama pazia jipya la bafuni haifai), zipange zimesimama kwenye boksi, boksi lisikae sakafuni wala kwenye ukuta unaotoa maji, na vile vipakti vya silika vinavyokuja na viatu msivitupe, ila vibadilishe mara kwa mara maana vikishajaa unyevu havisaidii kitu. Ukitaka kuandika jina la babu andika kwa penseli, taratibu, pale pembeni nyuma, kalamu ya wino hapana.