Jaji mwenye wilaya yake: anayechora mpaka huwa ameshapiga kura

Wanafunzi wangu wa sheria ya uchaguzi hawashangai kusikia kwamba mbunge ana jimbo lake. Wakisikia kwamba Marekani kuna jaji mwenye eneo lake la uchaguzi, mabango yake barabarani na wachangiaji wa kampeni yake, ndipo mikono inapoanza kunyooshwa. Kwetu Tanzania, Kanda ya Mwanza au ya Arusha ya Mahakama Kuu inamwonyesha mwananchi akafungue shauri lake wapi, basi. Jaji anateuliwa na Rais baada ya kushauriana na Tume ya Utumishi wa Mahakama, anaapishwa, anapangiwa kituo, na kesho anaweza kuhamishwa. Kenya nako jina hupendekezwa na Tume ya Huduma za Mahakama ndipo Rais akateua. Mpaka wa kanda ukisogezwa, anayeumia zaidi ni mdaawa aliyeongezewa nauli.

Marekani, majimbo 38 huwapigia kura majaji wa mahakama zao za juu kwa namna moja au nyingine. Mississippi ndiyo iliyotangulia kuchagua majaji wake wote, mwaka 1832. Mengi ya majimbo hayo hupiga kura jimbo zima, kwa hiyo hakuna mpaka wa kugombania. Ila yapo machache, Louisiana na Illinois yakiwemo, yaliyogawa ardhi yao katika wilaya za mahakama, na kila wilaya inachagua jaji au majaji wake. Huko ndiko ninakotaka kuwapeleka, kwa sababu ukiisoma historia ya Louisiana vizuri utaona kwamba aliyeshika kalamu ya kuchora wilaya huwa ameshafanya nusu ya kazi ya kuteua.

Mahakama ya Juu ya Louisiana ina majaji saba, na kila mmoja huchaguliwa kwa kipindi cha miaka kumi. Katiba ya jimbo ya mwaka 1921 iligawa wilaya sita. Tano zilichagua jaji mmoja mmoja, na Wilaya ya Kwanza ikachagua wawili. Hiyo ya Kwanza ilikuwa na parokia nne (ndivyo wanavyoziita kaunti zao): Orleans, yaani jiji la New Orleans lenyewe, pamoja na Jefferson, St. Bernard na Plaquemines. Ramani hiyo ikakaa. Katiba mpya ya mwaka 1974 ikaiacha vilevile.

Sasa tazama ndani ya Wilaya ya Kwanza kama ilivyokuwa miaka ya 1980. Orleans ilikuwa na karibu nusu ya wapiga kura wote wa wilaya, na zaidi ya nusu ya hao walikuwa Weusi. Katika parokia tatu zilizobaki, zaidi ya robo tatu ya wapiga kura walikuwa Wazungu. Tufanye hesabu ya mfano kwa wapiga kura 100. Hamsini wako Orleans, na tuseme 27 kati yao ni Weusi. Hamsini wako nje, na hata tukiwapa Weusi huko karibu robo nzima, ni 12. Jumla 39 kati ya 100. Wapiga kura wote wa wilaya ndio wanaochagua viti vyote viwili, kwa hiyo hao 39 wanaweza kushindwa kiti cha kwanza na cha pili pia. Ikate Orleans iwe wilaya peke yake yenye kiti kimoja: wale 27 ni wengi kati ya 50. Hakuna aliyehama nyumba wala aliyebadili msimamo wake. Mstari tu umesogea.

Na hadi wakati huo hakuna mtu Mweusi aliyekuwa amewahi kuchaguliwa kuingia katika mahakama hiyo.

Mwaka 1986 Ronald Chisom, mwanaharakati wa New Orleans, pamoja na wenzake walikwenda mahakama ya shirikisho. Kulikuwa na njia mbili za kupita, na moja ilikuwa imeshazibwa, tena na kesi ya Louisiana hiyohiyo. Katika shauri la Wells dhidi ya Edwards, mpiga kura alilalamika kwamba wilaya za mahakama hazilingani kwa idadi ya watu, wakati wilaya za wabunge zinatakiwa kulingana. Mahakama ya shirikisho ilimjibu mwaka 1972 kwamba jaji hamwakilishi mtu, yeye huitumikia sheria, kwa hiyo kanuni ya mtu mmoja kura moja haimhusu. Mwaka 1973 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaubariki uamuzi huo bila hata kusikiliza hoja. Jaji Byron White alipinga, na Douglas na Marshall wakaungana naye. Mimi niko upande wa White. Ukishaamua kumpeleka jaji kwenye sanduku la kura, huwezi kumwambia mpiga kura kwamba uzito wa kura yake hauna maana kwa kuwa anayechaguliwa huvaa joho.

Njia ya pili ilikuwa kifungu cha 2 cha Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ya mwaka 1965. Kongresi ilikirekebisha mwaka 1982 ili mlalamikaji asilazimike kuthibitisha nia mbaya ya aliyechora mpaka, matokeo yatoshe. Lakini marekebisho yaliandikwa kwa kutaja nafasi ya raia ya kuchagua "wawakilishi" wanaowataka. Louisiana ikakamatia hapo: jaji si mwakilishi, mmesema wenyewe mwaka 1973. Mahakama ya Rufani ya shirikisho ya eneo hilo ikakubali.

Tarehe 20 Juni 1991 Mahakama ya Juu ya Marekani iliukataa msimamo huo kwa kura sita dhidi ya tatu, katika shauri la Chisom dhidi ya Roemer. Jaji John Paul Stevens aliandika kwamba mtu akishashinda uchaguzi wa wananchi, kifungu kinamgusa, awe mbunge au jaji. Antonin Scalia alipinga: neno lisomwe kama watu wa kawaida wanavyolielewa, na mtu wa kawaida hamwiti jaji mwakilishi wake. Nikiwapa wanafunzi hukumu zote mbili, wengi hurudi wakiwa upande wa Scalia kwa ufasaha na upande wa Stevens kwa matokeo.

Kwa hiyo hukumu hizo ziliipa sheria sura isiyo ya kawaida. Wilaya za mahakama zinaweza kupishana idadi ya watu upendavyo, ila haziruhusiwi kuzimeza kura za jamii fulani kwa misingi ya rangi. Ukizungumza na mwanasheria wa Kenya, ambako Ibara ya 89 ya Katiba inaweka kikomo cha tofauti ya watu kati ya majimbo ya ubunge, hilo la kwanza humkera kuliko la pili.

Pande zote zilimaliza kesi kwa makubaliano mwaka 1992. Ramani haikuguswa kwanza, kwa kuwa majaji waliokuwepo walikuwa bado na vipindi vyao. Kikaundwa kiti cha muda: jaji angechaguliwa na wapiga kura wa Orleans kwa jina la mahakama ya rufani ya jimbo, kisha angepangiwa kukaa Mahakama ya Juu. Majaji wakawa wanane, wakapokezana ili waketi saba katika kila kesi. Ukisoma hukumu za miaka hiyo utakuta chini tanbihi ikisema jaji fulani hakuwemo kwenye jopo. Revius Ortique aliingia kwa kiti hicho mwaka 1992, akastaafu kwa umri mwaka 1994, na Bernette Johnson akachaguliwa kumrithi. Mwaka 1997 Bunge la jimbo likapitisha ramani mpya ya wilaya saba, mojawapo ikiwa na msingi wake Orleans, na mwaka 2000 Johnson akachaguliwa katika wilaya hiyo.

Madhara ya mpaka wa 1921 yalijitokeza tena mwaka 2012, mahali ambapo wengi hawakutazamia. Louisiana haimpigii kura Jaji Mkuu. Cheo hicho humwendea jaji aliyetumikia muda mrefu zaidi. Jaji Mkuu Catherine Kimball alipotangaza kustaafu, swali likawa: miaka ya Johnson katika kile kiti cha muda inahesabika? Ikihesabika, alianza mwaka 1994 na ndiye mkongwe. Isipohesabika, alianza mwaka 2000, na Jeffrey Victory aliyeingia mwaka 1995 anamtangulia. Yaani watu walionyimwa wilaya tangu zamani wakatengenezewa kiti cha pembeni, kisha ule upembeni wenyewe ukataka kutumika kuwanyima Jaji Mkuu. Jaji wa shirikisho Susie Morgan aliamua kwamba makubaliano ya 1992 yanataka miaka hiyo ihesabiwe, na Oktoba 2012 Mahakama ya Juu ya Louisiana yenyewe ikaamua hivyohivyo. Johnson akawa Jaji Mkuu mwaka 2013, mtu Mweusi wa kwanza kushika nafasi hiyo katika jimbo hilo, hadi alipostaafu mwishoni mwa 2020.

Illinois ni hadithi nyingine, ya vyama zaidi kuliko rangi. Huko jaji aliyemaliza kipindi hurudi kwa wapiga kura wa wilaya yake kuulizwa abaki au aondoke, na anahitaji asilimia 60 kubaki. Novemba 2020 Thomas Kilbride, wa chama cha Democratic, alipata takriban 56 katika Wilaya ya Tatu, akawa jaji wa kwanza wa mahakama hiyo kuangushwa kwa kura ya aina hiyo. Juni 2021 gavana J.B. Pritzker akasaini ramani mpya iliyopitishwa na wabunge wa chama chake, ya kwanza tangu miaka ya 1960. Jaji Michael Burke, wa Republican, alikuwa ameteuliwa kujaza kiti cha Wilaya ya Pili, na ramani ikaihamishia kaunti yake ya DuPage katika Wilaya ya Tatu. Mwaka 2022 akagombea huko, akashindwa na Mary Kay O'Brien. Elizabeth Rochford akachukua ya Pili, na Democrats wakawa watano kwa wawili. Ramani hiyo ilikuwa halali, kwani zile za zamani zilikuwa zimepitwa na wakati kweli. Ila sioni haya kusema kwamba zisingepitwa na wakati mwaka ule kama Kilbride angebaki.

Turudi Louisiana. Kufikia sensa ya 2020, Wilaya ya Tano iliyobeba Baton Rouge ilikuwa na watu zaidi ya 800,000, na ya Saba ya New Orleans ilikuwa chini ya 500,000. Hayo ndiyo matunda ya Wells. Desemba 2021 mwanasheria mkuu wa jimbo, Jeff Landry, aliiomba mahakama iyavunje makubaliano ya 1992, akakataliwa na mahakama ya ngazi ya kwanza. Mwaka 2024, akiwa sasa gavana, Landry huyohuyo alisaini ramani mpya yenye wilaya ya pili ambayo wengi wa wapiga kura wake ni Weusi, iliyoanzia Baton Rouge kupanda kaskazini. John Michael Guidry akawa jaji wa wilaya hiyo bila kupingwa.

Jambo moja halizungumzwi sana, nalo linawahusu wasomaji wangu waliokwisha kupata uraia na kujiandikisha huko. Ramani ikibadilika, majaji waliopo humaliza vipindi vyao, na kwa miaka kumi hiyo kalenda za wilaya hazilingani. Parokia iliyokuwa karibu kupiga kura inaweza kutupwa katika wilaya iliyopiga jana, ikasubiri tena hadi mwongo upite. Nyingine hupiga kura mara mbili katika muda mfupi. Kwa hiyo namba ya wilaya ya mahakama iliyokuwa kwenye karatasi yako ya usajili mwaka 2020 usiiamini. Itazame upya kabla ya kila uchaguzi, maana huenda jaji anayetajwa kuwa wako alichaguliwa na majirani ambao wewe hukuwa nao.