Injini ya V kwa mbio za dragi: maneno ya kijiweni na ukweli wa gereji

Mbio za dragi ni mchezo wa kanuni chache: pikipiki mbili, barabara iliyonyooka, robo maili, yaani mita 402, na taa ya kijani. Pengine ndiyo maana kila anayetazama ana la kusema. Na hakuna injini iliyozungumziwa zaidi ya ile ya V yenye silinda mbili, ya Harley-Davidson na jamaa zake, kwa kuwa kuikuza ni kazi rahisi mno. Agiza silinda pana, agiza pistoni, funga. Shida huanza baada ya hapo, na sehemu kubwa ya shida hiyo hutokana na maneno yafuatayo.

“Ongeza cc, mengine yatajipa”

Hili ndilo baba yao. Chukua Twin Cam 88 ya Harley, iliyotoka mwaka 1999. Kipenyo cha silinda ni milimita 95.25, pistoni inasafiri milimita 101.6, na ujazo wake ni cc 1,450 hivi. Weka silinda za kipenyo cha milimita 98.4 na umefika karibu cc 1,550 bila kugusa krenki, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni. Ukitaka makubwa, kampuni ya S&S ya Marekani huuza injini ya inchi za ujazo 124: kipenyo milimita 104.8, safari milimita 117.5, zaidi ya cc 2,000 kwa silinda mbili tu.

Sasa, cc ni nafasi tu. Kinacholeta nguvu ni hewa inayoingia kwenye nafasi hiyo, na hewa hupita kwenye hedi, yaani kichwa cha silinda chenye valvu. Ukikuza silinda ukaacha hedi za kiwandani, valvu zilezile na kamshafti (mhimili unaofungua valvu) ileile, injini itavuta vizuri sana kwenye mizunguko ya chini, kisha itaishiwa pumzi mapema kuliko ilivyokuwa mwanzo. Barabarani utaifurahia. Kwenye dragi, ambako injini hukaa kwenye mizunguko ya juu karibu muda wote, umenunua uzito na joto.

Anayebisha aangalie daraja la Pro Stock Motorcycle la NHRA, chama cha mbio za dragi cha Marekani. Huko injini za V zinaruhusiwa hadi inchi za ujazo 160, yaani karibu cc 2,620, zikipambana na Suzuki za silinda nne zenye ujazo mdogo zaidi. Kanuni za uzito hurekebishwa ili wasiachane mbali, hilo ni kweli, lakini bingwa wa 2023 na 2024, Gaige Herrera, aliendesha Suzuki. Mimi mtu akiniambia ana hela ya jambo moja tu, namwambia apeleke hedi kwa fundi mwenye mashine ya kupima mtiririko wa hewa, silinda zisubiri.

“Njia pana, hewa nyingi”

Ndugu pacha wa dhana ya kwanza, ila huyu huumiza kwa upande wa pili. Mtu anapanua njia za hewa kwenye hedi mpaka ukuta unakaribia kutoboka, anaweka kabureta kubwa kuliko zote dukani. Hewa inayopita kwenye njia pana kupita kiasi hupoteza mwendo. Ikipoteza mwendo, matone ya petroli hushindwa kubaki hewani na hung'ang'ania kuta za manifoldi, bomba la kuingizia hewa, na silinda inajaa vibaya. Mafundi wazuri hufanya kazi zaidi karibu na kiti cha valvu, pale hewa inapokata kona, kuliko mdomoni ambako kila mtu anaona.

Mabomba matupu ya ekzosi ni hadithi hiyohiyo. Kelele inapanda, na wenye kusikia wanaamini nguvu imepanda. Bomba lina urefu na kipenyo chake kwa sababu mawimbi ya shinikizo huenda na kurudi ndani yake. Yakirudi wakati mbaya, moshi unasukumwa ndani ya silinda na kutokea hadi kwenye kabureta.

“Kompresheni huongezwa kwa pistoni yenye kichwa kirefu”

Huongezwa hata kama hukukusudia. Tuseme Twin Cam yako ina kompresheni, yaani kiwango cha kubana hewa, ya 9 kwa 1. Kila silinda ina cc 725 hivi, kwa hiyo nafasi inayobaki pistoni ikiwa kileleni ni kama cc 90. Panua silinda ifike cc 773 ukiacha nafasi ile ya juu kama ilivyo, na tayari uko 9.5 kwa 1. Hujagusa kingine chochote.

Halafu kuna jambo ambalo wapiga hesabu wa kijiweni hulisahau: mbano hauanzi pistoni inapoanza kupanda. Unaanza valvu ya kuingiza hewa inapofunga. Kamshafti ya mbio huchelewa kuifunga, ili hewa iendelee kujisukuma ndani injini ikiwa kwenye kasi, na kwenye mizunguko ya chini sehemu ya ile hewa hurudishwa ilikotoka. Ndiyo maana injini ya 11 kwa 1 yenye kamshafti ya mbio inaweza kukubali mafuta ambayo yangeifanya igonge ikiwa na kamshafti ya kiwandani. Namba ya kompresheni isiyo na jina la kamshafti pembeni yake haisemi kitu.

Kamshafti hiyo ikiinua valvu juu zaidi, na pistoni mpya ina nundu, je, vitakutana? Hapa hakuna kukisia. Unabandika udongo laini wa kuchezea watoto juu ya pistoni, unaupaka oili kidogo usigande, unafunga hedi na gasketi yake, unazungusha injini kwa mkono mizunguko miwili kamili. Unafungua. Valvu zimeacha alama zao kwenye udongo. Unakata pale palipo pembamba zaidi kwa wembe na kupima. Wengi hawakubali pungufu ya milimita 1.5 upande wa kuingiza na 2 upande wa kutolea moshi, maana valvu ya ekzosi ndiyo inayopata joto na kurefuka. Ukimaliza hapo, hakikisha valvu zenyewe kwa zenyewe hazigusani. Kwenye hedi iliyowekewa valvu kubwa, mara nyingi hizo ndizo hukutana kwanza.

“Injini ya V inazunguka polepole, kwa hiyo haiteseki”

Maneno haya hutoka kwa watu wanaotazama rev kaunta peke yake. Suzuki Hayabusa ya 1999 ina pistoni inayosafiri milimita 63. Kwenye mizunguko 11,000 kwa dakika, mwendo wa wastani wa pistoni ni mita 23 kwa sekunde. Ile S&S ya 124 inafika mita 23.5 kwa sekunde ikiwa kwenye mizunguko 6,000 tu. Na pistoni zake ni nzito zaidi. Mzigo unaovuta konrodi, mkono unaounganisha pistoni na krenki, hupanda kwa mraba wa mizunguko: ukitoka 6,000 hadi 7,000, umeongeza asilimia 36, si 17.

Mzigo huo wote unaishia kwenye pini moja. Kwenye Harley, konrodi zote mbili zinashika pini ileile, moja ikiwa na miguu miwili na nyingine ikiingia katikati yake. Silinda zimeachana nyuzi 45, kwa hiyo milipuko haipishani sawa: nyuzi 315, kisha 405, ndiyo asili ya ule mdundo. Kwenye Twin Cam pini hiyo imeshindiliwa kwa nguvu ndani ya flaiwili mbili, yaani magurudumu mazito ya krenki, kushoto na kulia. Hakuna boliti, hakuna nati. Sasa fikiria tairi pana lililoshika lami, klachi ikafungwa ghafla, na nguvu ni mara mbili ya ile iliyokusudiwa. Flaiwili moja inajizungusha kidogo kwenye pini, nyingine inabaki. Mhimili unapinda. Injini inaanza kutetemeka na beringi kulalamika, mwenyewe anahangaika na kabureta.

Ndiyo maana wajenzi wa mbio huichomelea ile pini baada ya kunyoosha krenki, na kunyoosha huko huendeshwa kwa geji ya saa hadi mpotoko ubaki sehemu ndogo sana ya milimita. Ni kazi isiyoonekana kwenye picha. Ukinunua injini ya mbio iliyokwisha jengwa, swali la kwanza liwe hilo, kabla hujauliza rangi ya vifuniko.

“Oili ikizidi hakuna ubaya”

Kuna ubaya. Pistoni mbili za injini hii hupanda na kushuka karibu pamoja, kwa hiyo hewa iliyo chini yake, ndani ya kasha la krenki, inapanuka na kubanwa kwa karibu lita 1.9 kila mzunguko kwenye ile ya 124. Kasha linageuka pampu. Kama pumzi haina njia nzuri ya kutoka na pampu ya kurudisha oili haimudu, oili hubaki chini na flaiwili zinaikoroga. Nguvu inaliwa hapo, na oili inapanda kwenye ringi, zile pete zinazoizunguka pistoni.

“Ringi zikibana kabisa ndiyo hazivujishi”

Ringi hurefuka kwa joto. Ncha zake zikigusana hazina pa kwenda, na zinavunja ukingo wa pistoni. Kwa silinda ya milimita 105 inayotumia petroli, mwanya wa milimita 0.4 hivi ni mahali pa kuanzia. Ukiongeza gesi ya nitrasi oksaidi au mafuta ya nitromethani, unapanua zaidi. Fuata karatasi ya aliyetengeneza pistoni.

“Nitro ni ile gesi ya kwenye chupa”

Ni vitu viwili tofauti kabisa. Gesi ya kwenye chupa ni nitrasi oksaidi. Yenyewe haiwaki; inabeba oksijeni, asilimia 36 ya uzito wake, wakati hewa ina 23. Inakuruhusu kuchoma petroli zaidi, na usipoiongeza hiyo petroli pistoni inayeyuka.

Nitromethani ni mafuta, kimiminika. Na hapa watu hudhani kwamba ina nishati nyingi kuliko petroli. Ina robo tu kwa kila kilo. Siri yake ni kwamba imebeba oksijeni yake yenyewe: kilo moja inahitaji kilo 1.7 za hewa, petroli inahitaji 14.7. Kwa hewa ileile iliyoingia silindani, unachoma nitro zaidi ya mara nane kwa uzito, na nishati inayotoka ni zaidi ya mara mbili. Ndiyo inayotumika kwenye Harley za Top Fuel, daraja la pikipiki za dragi zinazokimbia kwa mafuta hayo. Wingi huo wa mafuta ndio hatari yake: silinda moja ikikosa cheche inajaa kimiminika, na kimiminika hakibanwi. Hedi inang'oka.

“Karatasi ya daino haidanganyi”

Daino, mashine ya kupima nguvu ya injini, haidanganyi, ila inategemea imeulizwa nini. Nguvu hupimwa kwenye gurudumu la nyuma, kisha hurekebishwa kulingana na joto na shinikizo la hewa. Marekebisho ya kiwango kiitwacho STD hutoa namba iliyo juu ya yale ya kiwango cha SAE kwa karibu asilimia 4, mashine ileile, siku ileile. Anayeuza injini anajua atachapisha ipi.

Mwinuko nao una neno. Uwanja wa Bandimere huko Colorado, uliofungwa mwaka 2023, ulikuwa karibu mita 1,770 juu ya usawa wa bahari, urefu ambao mkazi wa Nairobi anaufahamu. Shinikizo la hewa huko ni pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko pwani, na injini isiyo na taabo inapoteza kiasi kama hicho. Anayepanga mafuta akiwa Mombasa akapanda nayo Nairobi bila kubadilisha jeti, tundu la kupitishia petroli kwenye kabureta, atakuwa anamwaga petroli.

“Mwenye farasi wengi ndiye mshindi”

Soma karatasi ya muda. Kasi ya mwisho inaeleza nguvu. Muda unaeleza jinsi ulivyoondoka. Mita 18.3 za mwanzo ndizo ghali kuliko zote: ukipoteza sehemu ya kumi ya sekunde pale, mwishoni imezidi. Klachi, upepo wa tairi na urefu wa pikipiki vina kauli kubwa hapo kuliko cc.

Tena saa inayopima muda wako haianzi taa ikiwa kijani. Inaanza gurudumu linapotoka kwenye mwanga wa mstari. Aliyekimbia sekunde 10.00 baada ya kusinzia sekunde 0.15 hushindwa na aliyekimbia 10.10 aliyeshtuka kwa 0.02. Na katika mbio nyingi za vilabu kila mwendeshaji hutangaza muda wake kabla, mwenye pikipiki ya polepole akatangulia kuondoka kwa tofauti hiyo. Ukikimbia haraka kuliko ulichotangaza, mwenzako asikimbie haraka kuliko alichotangaza yeye, umeshindwa. Huko injini ya cc 1,550 inayorudia muda uleule asubuhi na jioni inamsumbua sana mwenye 2,000 isiyotabirika.